Soketi Chini ya Kabati za Jikoni: Anzia Kwenye Breka

Nyumba nyingi za mijini zilizojengwa miaka ya 1980 na 1990 zina soketi mbili tu jikoni: moja ya friji, na nyingine iliyopachikwa pembeni mwa swichi kubwa ya jiko la umeme. Wakati ule zilitosha. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, viungo vilitwangwa kwenye kinu, na chai ilichemka juu ya mkaa au mafuta ya taa. Leo kaunta hiyohiyo imebeba birika la umeme, blenda, maikrowevu na jiko la presha la umeme, na kwenye kona simu mbili zinachajiwa. Vyombo hivi vitazidi kuingia. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na kwa familia nyingi za mjini umeme umo katika mpango huo. Jiko la presha linaloivisha sufuria ya maharage kwa chini ya yuniti moja ni jambo la kushangilia. Lakini limekuja kuukuta ukuta wenye soketi mbili.

Pengo hilo limezibwa na ekstensheni. Inalala juu ya kaunta kati ya sinki na ubao wa kukatia vitunguu, nyaya zimepandana, na anayepika kwa haraka anaigusa kwa mikono yenye maji. Ndiyo sababu wengi sasa wanataka mstari wa soketi uliofungwa chini ya kabati za juu. Wazo hilo nalipenda. Linaacha kaunta wazi, linainua soketi mbali na maji yanayomwagika, linapunguza kukata vigae, na jikoni hubaki nadhifu. Shida ni namna linavyotekelezwa. Mara nyingi fundi huja na ekstensheni ya matundu sita, huifunga kwa skrubu chini ya kabati, huchomeka plagi yake kwenye soketi ya friji, hulipwa na kuondoka. Hatari iliyokuwa juu ya kaunta imebaki ileile, na sasa imefichwa.

Matundu hayaongezi umeme. Ukichukua bomba la nusu inchi ukalifungia koki sita, maji ya kugawana ni yaleyale, na bomba halidhuriki. Waya hudhurika. Kila kifaa unachochomeka kinauvuta, nao hauna namna ya kukataa. Hupata joto tu. Na joto hilo halipandi hatua kwa hatua pamoja na mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne.

Kwa hiyo kabla hujanunua soketi yoyote, chukua karatasi na kalamu, pindua vyombo vyako, usome vibandiko. Tafuta namba yenye herufi W, yaani wati. Igawe kwa 230, ambayo ndiyo volti ya majumbani Tanzania, na utapata ampea. Birika la wati 2,200 huvuta karibu ampea 9.6. Jiko la presha la wati 1,000 huvuta 4.3. Kwenye maikrowevu kuwa mwangalifu, kwa sababu namba ya mlangoni, 700 au 800, ni nguvu inayofika kwenye chakula. Inachovuta ukutani ni zaidi, tuseme wati 1,200, sawa na ampea 5.2. Jumlisha hivyo vitatu tu, asubuhi moja ya kawaida watu wakijiandaa kwenda kazini na shuleni: umefika ampea 19.

Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya ampea 13. Wengi huamini fyuzi hiyo itakatika mara tu ampea 13 zikipita. Haiko hivyo. Fyuzi ya aina hiyo inaweza kuvumilia ampea 20 kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuyeyuka, na muda wote huo plagi, soketi ya ukutani na waya mwembamba wa ekstensheni vinachemka. Ukikuta plagi imegeuka rangi ya kahawia, au jikoni kuna harufu kama ya samaki na hujapika samaki, plastiki ya soketi inaungua. Zima hapohapo.

Mstari wa soketi unaostahili kufungwa moja kwa moja chini ya kabati ni ule wenye waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi la breka. Huo ndio ushauri wangu mkubwa katika makala hii, na kama bajeti yako inatosha jambo moja tu, iwe hilo. Soketi za bei ya kawaida kwenye waya mzuri zitakufaa kuliko mstari wa kifahari wa alumini uliochomekwa kwenye soketi ya friji.

Waya wa namna gani? Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kuvuta laini mbili, kila moja kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 na breka yake ya ampea 20. Ya pili ni laini moja nene ya milimita za mraba 4 kwenye breka ya ampea 32. Napendelea ya kwanza. Laini moja ikikatika, nyingine inaendelea kufanya kazi na chakula hakikwami, na unaweza kupanga birika upande mmoja na jiko la presha upande mwingine. Kila laini ya ampea 20 inabeba wati 4,600, zinazotosha vifaa viwili vizito kwa pamoja. Friji iache kwenye laini yake. Inavuta umeme kidogo, lakini haifai izimike usiku kwa sababu blenda imeingia maji na kukatisha breka. Nyama ya wiki nzima itaharibika huku mmelala.

Fundi akikwambia boksi la breka limejaa, hiyo haimpi ruhusa ya kubana nyaya mbili kwenye breka moja iliyopo. Libadilishwe, au liongezwe boksi dogo pembeni. Mwambie pia apime mzigo wa nyumba nzima, kwa kuwa waya unaotoka kwenye mita ya LUKU kuingia ndani nao una kikomo.

Kuhusu waya wenyewe, nakuomba uende dukani pamoja na fundi, au umwombe akuletee rola ikiwa bado imefungwa. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kata ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ya bandia huonyesha weupe. Ya bandia pia ni nyepesi mkononi. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hulegea kwenye skrubu, na mahali palipolegea ndipo moto unapoanzia. Tafuta alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na usiache kukwangua hata ukiiona, maana alama nazo huigwa.

Sasa tuje kwenye kinga, kwa sababu jikoni ni mahali ambapo watu husimama pekupeku juu ya vigae vyenye majimaji. Breka ya kawaida hulinda waya. Haikulindi wewe. Umeme unaotosha kumuua mtu ni mdogo mno kiasi kwamba breka ya ampea 20 haiutambui kabisa. Kinachomlinda mtu ni ile swichi yenye kitufe kidogo chenye herufi T, ambayo mafundi huiita RCD au RCCB, na wakongwe wa kazi bado huiita ELCB. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukitofautiana kwa miliampea 30, inakata ndani ya sekunde 0.3. Utahisi shoti, lakini utabaki na nafasi ya kuvuta mkono. Laini za soketi za jikoni zisiwashwe bila hiyo. Kitufe kile ubonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokata, ni mbovu, ibadilishwe. Na ujue mpaka wake: mtu akishika waya wenye moto na ule wa nyutro kwa wakati mmoja, kwa RCD huo ni mzigo wa kawaida tu, na haitamwokoa.

Pamoja nayo kuna ethi. Kama friji yako inakutekenya vidoleni unapoishika bila viatu, au maji ya bomba yanakuwasha, ethi ya nyumba imekatika au haikuwahi kufungwa vizuri. Rekebisha hilo kwanza. Fundi mwenye kipimo atakagua ile nondo iliyozikwa nje, kiungo chake na waya unaoingia ndani. Kufunga soketi sita mpya kwenye nyumba isiyo na ethi ni kuongeza sehemu sita za kupigwa shoti.

Mahali pa kufunga panahitaji mawazo zaidi kuliko watu wanavyodhani, na mshauri bora hapo ni yule anayepika. Kama ni mama, kama ni dada wa kazi, kama ni baba, asimame jikoni aonyeshe kwa mkono: hapa naweka birika, hapa nasaga, hapa naivisha. Nimeona mistari mizuri sana iliyopangwa na mwenye nyumba na fundi peke yao, kisha dada anarudisha ekstensheni kwa sababu soketi zote ziko upande ambao hapiki.

Adui mkubwa wa soketi iliyo chini ya kabati ni mvuke. Maji yaliyomwagika huenda chini, ila mvuke hupanda, na juu yake ndipo ulipofunga soketi. Birika likichemka moja kwa moja chini ya mstari huo kila siku, unyevu utaingia kwenye matundu, utapata kutu na chumvi, na RCD itaanza kukata bila sababu unayoiona. Jiko la presha ni kali zaidi: ukifungua vali, mvuke hutoka kwa nguvu kuelekea juu. Kwa hiyo acha pengo kwenye mstari, sentimita 40 au 50 zisizo na soketi, juu ya mahali vyombo hivyo vinapokaa, na soketi zake ziwe pembeni. Kama kabati ni la mbao zilizoshindiliwa, kama nyingi za siku hizi, pengo hilo halitaliokoa lenyewe. Ubao utavimba kwa mvuke. Vuta birika hadi ukingo wa mbele wa kaunta unapolichemsha, ila si mahali mtoto anapofika.

Umbali kutoka kwenye sinki usipungue sentimita 30 kwa upande, na ukipata nusu mita, vizuri zaidi. Pembeni mwa jiko la kupikia acha vivyo hivyo, na juu yake usiweke kitu chochote cha umeme isipokuwa feni ya kutolea moshi. Wenye mtungi wa gesi wakumbuke kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Soketi za juu hazigombani nayo sana. Ile ya chini nyuma ya mtungi ndiyo ya kuondoa. Ukinusa gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote. Fungua madirisha, funga mtungi, toka.

Kaunta ya kawaida ina urefu wa sentimita 90 kutoka sakafuni, na kabati za juu huanza sentimita 45 hadi 55 juu yake. Mstari wa soketi ukae kwenye ukuta, ukigusa tumbo la kabati, ukimtazama anayepika. Wapo wanaotaka soketi zitazame chini kabisa ili zisionekane hata kidogo. Kwa plagi zetu za miguu mitatu simshauri mtu kufanya hivyo. Plagi hizi ni nzito, na waya wake hutoka kwa ubavu upande wa chini. Zimebuniwa kukaa ukutani, mguu wa ethi juu, waya ukining'inia. Ukizipindua zining'inie kichwa chini, uzito wake na ule wa chaja huzivuta polepole hadi zinashika nusu, na kiungo kinachoshika nusu hupata joto. Mstari uliolazwa kwa pembe, ukiinama kidogo kumwelekea mtu, unakubalika.

Picha nyingi nzuri za mistari ya aina hii zinazozunguka mitandaoni zinatoka Marekani, na zina sababu zake za huko. Kanuni za Marekani hutaka sehemu yoyote ya kaunta isiwe zaidi ya sentimita 61 kutoka kwenye soketi, na jikoni pawe na angalau laini mbili za ampea 20 za vyombo vidogo. Wazo la laini mbili ni la kuiga. Bidhaa yenyewe usiagize, wala usimwombe ndugu aliye huko akubebee: umeme wao ni volti 120, na matundu yao si ya plagi zetu.

Kwa nyumba zetu za matofali, kifaa kinachonifurahisha zaidi ni ile trankingi pana ya plastiki inayofungwa kwenye kuta za maofisi, yenye nafasi ya kupachika soketi za kawaida kila unapotaka. Inapatikana kwenye maduka makubwa ya vifaa vya umeme, Kariakoo zimejaa, na soketi moja ikiharibika unaibadilisha peke yake bila kubomoa mstari mzima. Ifungwe ukutani kwa fisha na skrubu ndefu, isishikizwe kwenye ubao wa kabati. Plagi za miguu mitatu huchomolewa kwa nguvu, na ubao wa milimita 16 hautastahimili kuvutwa huko kila siku. Skrubu ndefu nayo itatokeza ndani ya kabati na kumkwaruza mtu anayetafuta sukari. Chagua soketi pacha zenye swichi, na ujue kwamba soketi pacha haikutengenezwa kubeba ampea 13 kila upande kwa muda mrefu. Birika na kikaangio visikae kwenye pacha moja.

Ncha za trankingi zizibwe kwa vifuniko vyake. Mende na mijusi hupenda joto la soketi, na mjusi mmoja aliyelala kati ya waya mbili anatosha kuzima jikoni nzima. Walio pwani, kuanzia Tanga, Mombasa na Unguja hadi Mtwara, wachague maboksi ya plastiki badala ya chuma, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma haraka.

Kazi ya kuunganisha ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Omba kuiona, fundi wa kweli hatachukia. Wajibu wako ni kusimamia. Hakikisha amezima swichi kuu na kupima kwa mita, akianza kuijaribu mita yenyewe mahali penye umeme, kisha kwenye waya anaotaka kuushika, kisha tena mahali penye umeme. Bisibisi yenye taa peke yake si ya kuaminiwa. Mifereji ya ukutani ichimbwe wima au mlalo, kamwe isikate mshazari, ili miaka ijayo anayetoboa ukuta ajue waya unapita wapi. Kabla plasta haijapakwa, piga picha kwa simu ukiweka futi kamba pembeni. Baada ya kazi, kabla ya kuwasha, apime upinzani wa nyaya, apime mpangilio wa kila soketi, na aijaribu RCD kwa kipimo chake. Kisha washa birika dakika kumi na uguse plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikuchoma, kuna skrubu iliyolegea.

Kuna tabia moja lazima iishie kwenye ekstensheni ya zamani: kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la ethi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile hufungua vifuniko vidogo vya ndani vilivyowekwa kuzuia vidole vya watoto. Nunua plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi na fundi aibadilishe.

Na kama umepanga, na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe? Basi baki na ekstensheni moja nzuri ya waya mnene, kifaa kimoja kizito kwa wakati mmoja, na usiifunge chini ya kabati. Ikae mahali unapoiona na unapoweza kuigusa kujua kama imepata joto.

Wiki za mwanzo breka mpya inaweza kukatika mara moja moja, hasa wageni wakija na kila kitu kikiwashwa. Chomoa kitu kimoja, irudishe, endelea kupika. Ikizoea kukatika, mwite fundi atafute sababu. Akipendekeza kuondoa ile ya ampea 20 aweke ya 32 juu ya waya uleule wa 2.5, mkatalie.